Sifuri Nukta Tisa Moja

Ofisini kwetu Tartu, juu ya duka la vifungo,
tulikuwa na miradi kumi na minne ya Javaskripti
na njia kumi na nne za kuieleza.
Huu una faili lake la mipangilio, mistari mia mbili,
ule una amri zilizoandikwa na kijana wa mafunzo
aliyerudi chuoni bila kuaga.
Wa tisa ulitoa kurasa za maelezo
kwa sharti kwamba kompyuta ni ya Maarika
na Maarika hayuko likizo.

Wateja wetu ni viwanda vya kupasua mbao.
Lori huingia, magogo hupimwa,
programu yetu hutaja bei,
mwenye msitu hulipwa, huondoka.

Januari Leelo alichoka.
Hakupiga meza. Alivua glavu, akatundika koti,
akaanza kufuta.
Siku tatu nilisikia kitufe kilekile,
tak, tak, kama mtu anayepalilia.
Alhamisi mipangilio yote ilikuwa imekwenda,
na badala yake faili moja, mistari kumi na mmoja,
na amri ya neno moja: eleza.
"Iandike popote," alisema. "Mradi wowote.
Itapita kila folda, isome mlichoandika juu ya kila funksheni,
ikipange, ikipe ukurasa."

Nikaandika: eleza.
Sekunde sita.
Miradi kumi na minne katika orodha moja, kwa herufi zilezile,
kama ndugu waliokubali kupigwa picha
baada ya miaka ya kununiana.
Tukakata keki.

Kisha nikabofya.

Ukurasa wa pimaGogo: mweupe.
Ukurasa wa pangaLori: jina, mabano, kimya.
Mweupe, mweupe, kama mto Emajõgi pale dirishani,
umeganda, na kunguru mmoja juu yake.
Chombo hakikuwa na kosa.
Kilisoma tulichoandika, hakikubuni neno.
Tulikuwa tumefagia njia nzuri
hadi mlango wa nyumba tupu.
Mali bila daftari huisha bila habari, sawa;
na daftari bila wino je?

Katika punguzaUzito palikuwa na sentensi mbili,
za mwaka ambao mimi bado nilikuwa shuleni:
"Usiguse 0.91. Muulize Urmas."

Urmas amestaafu, anafuga nyuki karibu na Võru,
na simu yake huita mpaka ikate tamaa.
Mara ya tano akapokea, anatafuna.
"Sifuri nukta tisa moja," nikasema, hata salamu nikaisahau.
Kutafuna kukakoma.

"Ah. Hiyo ni barafu.
Gogo la baridi huja na theluji kwenye gome,
na mizani haijui gogo ni nini, inapima vyote.
Ukilipa kilo zote umenunua theluji.
Nilibandua barafu kwenye magogo sitini,
kwa kisu cha jikoni, mke wangu hajanisamehe,
nikapima kabla, nikapima baada.
Nilitaka kuandika. Mteja alikuwa mlangoni."

Nikaandika mimi, juu ya ule mstari,
barafu, gome, magogo sitini.
Kisu nilikiacha, kisha nikakirudisha.
Eleza. Sekunde sita.
Ukurasa ukaja na maneno ndani,
Leelo akausoma kwa sauti ofisi nzima
kama anayesoma barua iliyochelewa njiani.

Maarika alikuwa ameinua kikombe.
Hakukinywa.
"Na mwezi Julai?" akauliza.

Leelo akarudi kwenye msimbo, akashuka mstari kwa mstari.
Hapakuwa na mwezi mahali popote.
0.91 Januari, 0.91 Juni,
0.91 kwa gogo kavu lililolala juani wiki mbili,
miaka minane,
na kila mwenye msitu aliyepokea hundi
akaikunja, akashukuru, akawasha lori.

Nje theluji ilianza tena.
Hakuna aliyegusa keki iliyobaki.
Leelo akavuta kiti karibu, akafungua faili jipya,
na juu kabisa, kabla ya msimbo wowote,
akaanza kuandika kwa maneno ya kawaida.